Waridi la jangwani linapougua: bonyeza tumbo kabla ya kuchukua ndoo

Kila Julai simu yangu hujaa picha za aina moja. Mmea hauna jani hata moja, umesimama juu ya kilima cha mawe kama mguu wa tembo uliochomekwa vijiti, na chini ya picha kuna neno moja: "Umekufa?" Mimi nami huuliza moja tu: umebonyeza tumbo? Mara nyingi mwenye mmea hajabonyeza. Ila ameshamwagilia, tena ndoo nzima, kwa huruma. Huruma hiyo imeua mawaridi ya jangwani mengi kuliko jua, kuliko mbuzi, kuliko viwavi.

Naishi Voi, na mmea huu ni wa kwetu. Ukisafiri barabara ya Mombasa kwenda Nairobi wakati wa ukavu, vichaka vya Tsavo vikiwa vimegeuka rangi ya vumbi, utaona kijiti kisicho na majani kimejaa maua ya waridi mpaka unashangaa maji yametoka wapi. Huyo ndiye Adenium obesum. Kwenye vitalu utasikia waridi la jangwani, au adeniamu kwa kifupi. Si waridi, na kwao si jangwa tupu bali ni nyika: Tsavo, Taita, Kajiado, Baringo, Mkomazi, juu hadi Somalia na Ethiopia, kisha ng'ambo ya bahari Yemeni na Dhofar ya Oman. Jina lenyewe lina Aden ndani yake. Peter Forsskål, mtaalamu wa mimea wa Uswidi, aliukuta Yemeni, akafia huko huko mwaka 1763. Mwenzake wa safari, Carsten Niebuhr, akayachapisha maandishi yake mwaka 1775, na humo ndimo lilimo neno obesum, yaani nene.

Unene huo ndio kipimo chetu. Sehemu ya shina iliyovimba chini, nusu juu ya udongo na nusu ndani, naiita tumbo. Ni tangi la maji. Kabla hujafanya lolote, asubuhi jua halijapanda, libonyeze kwa kidole gumba mahali patatu: karibu na udongo, katikati, na pale matawi yanapoanzia. Utapata jibu mojawapo:

Gumu. Kama kiazi kitamu kibichi. Mmea ni mzima, hata ukiwa uchi kama ufagio.

Limenywea. Linabonyea kidogo pande zote kwa usawa, ngozi imekunjamana, lakini ukiachia linarudi. Hiyo ni kiu.

Limeoza. Mahali fulani, mara nyingi upande mmoja au chini kabisa, kidole kinazama kama kwenye embe bovu. Pengine maji yenye harufu yanatoka.

Yashike majibu haya matatu, maana kila dalili hapa chini itakurudisha kwayo.

## Kwanza, je, ni adeniamu kweli?

Nimewahi kutumiwa picha ya "waridi la jangwani linalokataa kutoa majani" nikakuta ni mmea mwingine kabisa, ambao hautoi majani ya maana maisha yake yote. Ulikuwa Adenia globosa. Majina yanakaribiana, na wote wawili ni wa nyika hii hii, ndiyo maana watu huchanganya. Adenia ana bonge la kijani kama jiwe lililoota ukungu, na juu yake fimbo za kijani zenye miiba mirefu zinazojipinda huku na huku. Huyo ni wa ukoo wa pasheni. Adeniamu hana mwiba hata mmoja.

Ukiona tumbo nene lakini shina lina miiba, na si Adenia, huenda umeuziwa pakipodiamu, mgeni kutoka Madagaska au kusini mwa Afrika. Ukiona majani marefu membamba yaliyopangwa matatu matatu kuzunguka tawi, na shina halina tumbo, hiyo ni oleanda. Mti mkubwa wenye majani marefu kama kiganja na zaidi, maua yenye harufu tamu, matawi manene yanayochuruzika maziwa ukiyavunja, ni franjipani, ambaye asili yake ni Amerika. Oleanda na franjipani ni ndugu za adeniamu kiukoo, hivyo ua lao lina petali tano zilizojipanga kama pangaboi. Usitambue kwa ua peke yake.

Adeniamu halisi wa nyikani ana majani yaliyokusanyika kwenye ncha za matawi, membamba pale yanaposhikana na tawi na mapana kuelekea mwisho. Ua ni la waridi au jekundu, koo lake limepauka, na ukichungulia ndani utaona nyuzi nyembamba zikitokeza. Tunda huwa maganda mawili yaliyounganika kama pembe za ng'ombe.

Kuna jambo jingine la utambuzi ambalo wauzaji hawalisemi. Miche mingi ya vitalu vya mijini, hasa yenye maua ya tabaka mbili, meusi-mekundu au yenye mistari, si ya nyika yetu. Ni machotara, na wengi asili ya mbegu zao ni Thailand, ambako kilimo cha ua hili ni biashara kubwa. Sina ugomvi nao, ninao wanne. Lakini hao wamezoea joto lenye unyevu na kunyweshwa mara kwa mara, na baadhi yao ni wa kubebesha, yaani juu chotara na chini mwingine. Ukiwa na mmea wa kubebesha, chipukizi linaloota chini ya kovu la maungio litatoa ua tofauti na ulilonunua. Wengi hudhani ua "limebadilika rangi". Halijabadilika. Shina la chini limemshinda mgeni wa juu. Kata chipukizi la chini mapema.

## Majani yanageuka njano na kupukutika

Tazama kalenda kabla ya kutazama jani. Kwetu Voi, masika yakiisha na kipupwe kikiingia, adeniamu huangusha majani yote na kulala. Tumbo likiwa gumu, hakuna ugonjwa. Mmea uliopandwa ardhini huku nyikani huachiwa mvua tu. Ulioko kwenye chungu nauonjesha kikombe kimoja kila wiki mbili au tatu, basi. Majani yatarudi joto likirudi.

Nairobi ni habari nyingine. Mji uko karibu mita 1,700 juu ya bahari, na usiku wa Julai joto huweza kushuka hadi nyuzi 10 hivi za Selsiasi. Mmea huu chini ya nyuzi 12 huacha kunywa kabisa. Maji unayomwaga yanabaki kuzunguka mizizi iliyolala, yakiwa baridi, na hapo ndipo uozo unapoanzia. Kwa hiyo mtu wa Nairobi, Limuru au Arusha, kuanzia Juni hadi Agosti, afunge bomba. Kama kilima chake kiko wazi na manyunyu hayakatiki, aegeshe kipande cha plastiki angavu juu ya mmea, pande zikiwa wazi ili upepo upite.

Tumbo likiwa limenywea na udongo ni mkavu hadi kina cha kidole, ni kiu, hasa ikiwa kaskazi imekauka na mmea bado ulikuwa na majani. Mwagilia polepole, udongo wote ulowe, kisha acha. Tumbo litajaa tena ndani ya wiki moja au mbili. Usirudie kesho yake kwa sababu hujaona mabadiliko.

Ukikuta tumbo limenywea lakini udongo ni *mbichi*, shika breki. Hapa ndipo wengi hukosea. Mmea una kiu katikati ya maji kwa sababu mizizi imeoza na haiwezi kunywa. Ukiongeza maji umemaliza kazi. Nenda sehemu ya uozo hapo chini.

Kama ni majani mawili matatu ya chini tu, na ya juu yanaota kijani, huo ni uzee wa jani.

Watu wa Mombasa, Kilifi na Unguja wana tatizo lao. Majani *machanga* ya juu yanakuwa ya njano huku mishipa ikibaki kijani, kama ramani ya mito. Bustani nyingi za mawe za pwani hujengwa kwa mawe ya matumbawe, na matumbawe ni chokaa. Chokaa huifunga madini ya chuma ndani ya udongo. Chuma kipo, lakini mmea haukipati. Kuongeza samadi ya kuku hakusaidii. Nunua kwenye duka la pembejeo mbolea ya majani yenye madini ya chuma, fundi akikwambia "cheleti" ndiyo hiyo hiyo, nyunyizia jioni, halafu taratibu badilisha udongo wa kuzunguka mmea kwa kokoto nyeusi au nyekundu isiyo ya chokaa. Matumbawe yaache yawe pambo la mbali. Ikiwa njano imeanzia majani ya *zamani*, tena jani zima bila mishipa ya kijani, hiyo ni njaa ya kawaida ya mbolea, na mboji kidogo mwanzoni mwa joto inatosha.

## Tumbo limeoza

Hapa nitakaa, kwa sababu ndipo mimea inapofia.

Chanzo karibu siku zote ni udongo usiopitisha maji. Mtu ananunua mche, anakwenda kwenye kipande cha udongo mweusi wa mfinyanzi, anachimba shimo zuri la nusu mita, anajaza kokoto na mchanga, anapanda, anapanga mawe juu. Kwa macho ni bustani ya mawe. Kwa maji ni karai. Udongo mweusi unaozunguka haupitishi maji, hivyo mvua ikinyesha maji yote hukimbilia kwenye lile shimo lenye kokoto na kukaa humo. Mwaka mmoja nilipanda mimea sita hivyo mbele ya nyumba ya wageni, nikalipwa, nikashukuriwa. Masika yalipoisha nilirudi nikakuta mitano imelala chini kama mabomba ya mpira. Wa sita ulikuwa ule ambao fundi alikosea akaupanda juu ya kifusi.

Nilijifunza kwa kifusi kile. Panda juu, usichimbe chini. Inua kilima cha sentimita 40 hivi juu ya udongo wa kawaida, kwa kifusi cha mawe yaliyovunjika chini na mchanganyiko wako juu. Mchanganyiko wangu ni sehemu mbili za kokoto ndogo au changarawe ya volkano, sehemu moja ya mchanga wa mto wenye punje kubwa, na sehemu moja ya mboji iliyoiva. Mchanga wa ufukweni una chumvi, uache ufukweni. Wanaopanda kwenye chungu nao wasidanganyike na ile desturi ya kuweka tabaka la kokoto chini ya udongo mzito: maji hayashuki kwa urahisi kutoka udongo laini kuingia kokoto, hukaa juu ya tabaka hilo kama yaliyokaa kwenye bati. Changanya kokoto ndani ya udongo wote.

Kidole kikizama, huna siku ya kupoteza. Lakini kabla ya kisu, vaa glavu. Utomvu wa mmea huu una sumu inayoushika moyo. Wahadza wa kandokando ya Ziwa Eyasi huutumia kutengeneza sumu ya mishale, na msunguti, mti ambao Waata wa Tsavo waliutumia kwa kazi hiyo hiyo kwenye mishale ya kuwindia tembo, ni wa ukoo huu huu. Usijipanguse jicho, usile kabla ya kunawa, na usikate juu ya meza ya jikoni.

Ng'oa mmea mzima. Osha udongo wote. Kata mizizi iliyo ya kahawia na laini, kisha kata tumbo vipande vyembamba kuanzia palipooza, ukipangusa kisu kwa spiriti kila baada ya kukata. Endelea mpaka nyama iwe nyeupe safi, bila hata nukta ya kahawia. Wengi huishiwa moyo wakiwa wamebakiza kidonda kidogo, wakidhani kitapona. Hakiponi. Ukibakiza nukta, baada ya wiki mbili utakuwa na shimo. Paka unga wa salfa au jivu safi la kuni kwenye jeraha, uning'inize mmea au uulaze kivulini penye upepo, juu ya gazeti, wiki moja hadi mbili, mpaka jeraha liwe na gamba kavu. Hautakufa kwa kukaa nje ya udongo. Umeumbwa kwa ajili hiyo. Kisha upande kwenye mchanganyiko mkavu na usiumwagilie wiki nzima ya kwanza.

Uozo ukiwa umezunguka tumbo lote, okoa matawi. Kata tawi zima lenye afya, likaushe siku kadhaa, lipande. Utapata maua yale yale lakini tumbo halitakuwa lile, na hilo linatupeleka mbele kidogo.

Kuna uozo mwingine unaoanzia juu: ncha ya tawi inakuwa nyeusi na kushuka chini. Mara nyingi ni matokeo ya kupogoa katikati ya mvua. Kata sentimita chache chini ya weusi, mpaka nyeupe, na safari ijayo pogoa joto linapoanza na anga likiwa kavu.

## Hautoi maua

Kivuli. Nianze na hicho kwa sababu ndicho jibu mara nyingi. Adeniamu anataka jua la moja kwa moja saa sita au zaidi kwa siku. Mmea ulio chini ya mwembe utakupa majani makubwa ya kijani kibichi na matawi marefu membamba yanayoegemea upande wa mwanga. Unapendeza, ila hautoi kitu.

Sababu ya pili ni kushibishwa. Samadi ya kuku na mbolea ya yuria huupa majani tu. Ukitaka kuulisha, tumia mboji iliyoiva, au mbolea yenye potashi nyingi kuliko naitrojeni, kidogo, wakati wa joto tu.

Umri nao huhesabika. Mche wa mbegu uliotunzwa vizuri huweza kutoa ua la kwanza ndani ya mwaka mmoja au miwili, ila wenye damu ya nyikani huwa na ubishi wao. Na kama mmea una matawi mawili tu marefu, kumbuka kwamba maua hutoka kwenye ncha. Ncha mbili, mashada mawili. Pogoa mwanzoni mwa joto, kila tawi litatoa mengine mawili matatu, na miezi kadhaa baadaye utaona tofauti.

Vichomozo vya maua vikitokea halafu vikaanguka kabla ya kufunguka, fikiria mara ya mwisho ulipoubadilishia maisha: kuuhamisha, kuuacha ukauke kisha kuumwaga maji kwa ghafla, au usiku wa baridi. Ukikuta havina sababu hizo, vifungue kwa kucha uangalie wadudu wadogo ndani.

## Tumbo halinenepi

Umeuziwa tawi. Hakuna namna ya kulisema hilo kwa upole. Mmea uliotokana na tawi lililokatwa huota mizizi, hutoa maua mapema hata kuliko wa mbegu, lakini shina lake huwa nyoofu kama fimbo kwa miaka. Wa mbegu huanza kuvimba ukiwa bado na majani manne. Ukienda kununua, fukua udongo kidogo kwa kidole pale shina linapoingia. Kama halina uvimbe wowote, mwambie muuzaji kwaheri kwa heshima.

Ikiwa ni wa mbegu na bado ni mwembamba, huenda umezikwa sana, au uko kivulini. Kila baada ya mwaka mmoja au miwili, ukiubadilishia chungu, uinue sentimita mbili tatu juu ya pale ulipokuwa, mizizi minene ya juu ibaki wazi. Usiianike yote siku moja kwenye jua la saa saba. Ngozi iliyokuwa ardhini ni laini.

## Doa jeupe au la kahawia upande mmoja wa tumbo

Libonyeze. Likiwa gumu na kavu, ni jua. Mche uliokulia chini ya neti ya kitalu ukitolewa moja kwa moja hadi juu ya mawe huungua, kwa sababu mawe nayo yanarudisha joto. Uzoeshe wiki mbili: kwanza jua la asubuhi tu, kisha uongeze. Kuna jambo la kwetu watu wa karibu na ikweta ambalo vitabu vya Ulaya havitakuambia: Juni na Julai jua letu hukaa upande wa kaskazini, Desemba hukaa kusini. Upande uliokuwa kivulini nusu mwaka ndio unaoungua nusu nyingine. Panga jiwe moja refu kuukinga.

Doa hilo halitoweki. Litabaki kovu, na mmea utaendelea na maisha.

## Wadudu

Vidukari vya njano vyenye miguu myeusi, vimejazana kwenye vichomozo, na sisimizi wanapanda na kushuka: hao ni wale wale wa oleanda. Maji ya sabuni ya kipande, yaliyopunguzwa, jioni, mara tatu kila baada ya siku nne. Washughulikie na sisimizi, maana wao ndio walinzi wa vidukari.

Pamba nyeupe kwenye vikonyo vya majani ni vidung'ata. Wachache wafute kwa pamba yenye spiriti. Ukiwaona wanarudi kila mara, ng'oa mmea uangalie mizizi, huenda wamejificha huko.

Majani yenye vinukta vingi vya kupauka, na utando mwembamba chini yake, wakati wa joto kavu: utitiri mwekundu. Hawapendi maji. Piga chini ya majani kwa bomba asubuhi, siku kadhaa mfululizo.

Na ukiamka ukakuta mmea uliokuwa na majani jana leo ni vijiti, na chini kuna mavi makubwa meusi kama punje za pilipili manga, tafuta kiwavi mnene wa kijani mwenye madoa mawili ya buluu na nyeupe mithili ya macho. Ni mtoto wa nondo wa oleanda, sumu ya mmea haimdhuru. Wako wachache, hivyo watoe kwa mkono, dawa ya nini. Nondo wake ni mzuri kupita maelezo, mimi humhamishia kiwavi kwenye oleanda la jirani ambaye hajui.

Mafuta ya mwarobaini yanafaa kwa hao wa kunyonya, ila kamwe usinyunyizie mchana. Mafuta na jua hukaanga jani. Na dawa yoyote ya dukani ijaribu kwanza kwenye tawi moja, usubiri siku tatu. Mmea huu huweza kupukutisha majani yote kwa hasira ya dawa.

## Mmea mkubwa uliochimbwa porini haushiki

Haukupaswa kuchimbwa. Ndani ya hifadhi ni kosa la jinai, na nje yake ni hasara, kwa sababu mkongwe huyo amejifinyanga kwa miongo kati ya mawe, mizizi yake ikafuata nyufa ambazo jembe haliwezi kuzifuata. Unampata na vidonda ishirini vya kukatika, unampanda siku hiyo hiyo, unammwagilia akaribie nyumbani. Miezi miwili anakuwa uji.

Kama umeukuta umeng'olewa tayari na katapila la barabara, basi uokoe: kata vidonda viwe safi, ukaushe wiki tatu kivulini, uupande kwenye kokoto karibu tupu, na usiuguse kwa maji mpaka uone majani. Inaweza kuchukua msimu mzima. Bonyeza kila Jumapili. Mradi ni gumu, uko hai.

## Miche ya mbegu inaanguka

Njia ya haki ya kupata mimea ya kwetu ni mbegu, na mbegu zina matatizo mawili tu.

La kwanza ni kuzikosa. Zile pembe mbili hupasuka zenyewe siku moja ya joto, na kila mbegu ina kishungi cha nywele kila mwisho, kwa hiyo upepo huzibeba hadi kwa jirani kabla hujamaliza chai. Pembe zikianza kupoteza ukijani, zifunge kwa uzi mahali pawili, au zivike soksi kuukuu ya nailoni.

La pili ni hili: mbegu zinaota vizuri, siku saba hivi zikiwa mbichi na joto liko karibu nyuzi 30, kisha baada ya wiki miche inakatika shingo pale usawa wa udongo na kulala. Ni kuvu, na imeletwa na udongo wa zamani na mkono wenye ndoo. Panda upya kwenye mchanga wa mto uliomiminiwa maji ya moto ukapoa, laza mbegu bapa, zifunike kidogo tu, na uweke trei mahali penye mwanga na upepo. Zikishaota, acha juu pakauke kati ya kumwagilia na kumwagilia. Mbegu zilizokaa kabatini tangu mwaka juzi usizilaumu zikigoma. Hupoteza nguvu ndani ya miezi.

Miche ikifikisha majani sita, chukua mmoja, taratibu sana, kati ya kidole gumba na cha shahada. Uvimbe wake hauzidi punje ya kunde, lakini tayari ni mgumu.